MWENYE KUPANDA MLIMA KENYA AJITAYARISHE NYUMBANI

Mtu wa Karungu hukaa kando ya Ziwa Victoria, mahali palipoinuka kadiri ya mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Kijana aliyezoea kukokota nyavu tangu alfajiri hudhani kwamba kwa nguvu zake aweza kupanda mlima wo wote. Lakini Mlima Kenya, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1949, haumpimi mtu kwa misuli. Kilele cha Lenana, kifikiwacho na wapandaji wasiotumia kamba, kina mita 4,985, na hewa ya huko yakaribia nusu tu ya ile ya pwani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuweka akiba ni siku. Katika njia ya Sirimon kambi ya kwanza iko mita 3,300, na ya pili mita 4,200. Ni busara kulala mara mbili katika ile ya kwanza, ili mwili uzoee. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, asipande zaidi. Akianza kuyumba kama mlevi, au kutweta hali ameketi, ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku. Dawa yake ni kushuka. Mwenye kuficha ugonjwa kwa kuona haya aweza kufa.

Pili, miguu. Majuma kadhaa kabla ya safari, apande vilima vya Gwassi akiwa na mzigo mgongoni, naye avae viatu vile vile atakavyokwenda navyo, kwani kiatu kipya huchubua.

Tatu, mizigo. Usiku maji huganda. Basi achukue nguo za sufu, koti la mvua, glavu, tochi na mfuko mzito wa kulalia. Maharage ayaache nyumbani: huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na maharage hayaivi upesi. Unga wa uji, sukari, chai na omena wakavu hufaa zaidi. Achukue na jiko la mafuta, maana miti ya hifadhi haikatwi.

Mwaka 1943 mateka watatu wa Kiitalia walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande mlima huo. Walikuwa wamejitayarisha kwa siri miezi mingi, wakifua zana kutokana na vyuma vikuukuu na kujinyima chakula ili kuweka akiba. Hata hivyo mmoja aliugua akabaki nyuma. Wawili wakafika Lenana, lakini kilele kikuu cha Batian kiliwashinda, na njaa ikawatesa. Kisha wakarudi kambini kwa hiari yao.

Miezi mikavu ni Januari na Februari. Asiyewahi mwaka huu na angoje mwingine. Mwenda pole hajikwai, na kilele hakihami.