App ya kukumbusha chanjo ya kuku, inaweza kulipa hapa Mgori?

Vijana wetu waliomaliza vyuo wananiuliza sana: "Afisa, nikitengeneza app ya wakulima nitapata hela?" Jibu langu: inategemea inatatua shida gani, na nani atailipia.

Tuanze na majirani. Mwaka 2010 kule Kenya, Su Kahumbu, mkulima wa kilimo hai, alishinda shindano la Apps4Africa kwa wazo la iCow. Haikujaribu kufundisha kilimo chote, ilianza na ng'ombe wa maziwa tu. Unasajili ng'ombe wako na tarehe aliyopandishwa, kisha unaletewa ujumbe, hata kwenye simu ya kitochi, kukuambia mimba imefika wapi na ufanye nini.

Mwaka huohuo Jamila Abass na wenzake walianzisha M-Farm, ya bei za mazao. Bei peke yake haikutosha. Ukijua bei ya Nairobi na una magunia mawili, utayafikishaje? Wakaongeza wakulima kuuza kwa pamoja.

Sasa turudi Mgori. Wengi wanawaza app ya bei ya alizeti. Mimi siishauri. Alizeti tunavuna mara moja kwa mwaka, mtu ataifungua wiki mbili halafu basi, na bei yenyewe anaipata kwa kumpigia dalali.

Kuku wa kienyeji ndio penye kazi. Kideri kinafagia banda zima ndani ya siku chache, na chanjo ya tone la jicho inatakiwa irudiwe kila miezi 3 au 4. Nani anakumbuka? Halafu kuna tatizo lingine ambalo watu hawalisemi: kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, wewe una 15, na kikishafunguliwa hakikai. Kwa hiyo unaacha. App inayokumbusha tarehe na kuwakusanya majirani siku moja wachangie kichupa, hiyo mtu ataitumia mwaka mzima.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme kila mfugaji analipa 500 kwa mwezi, na kila ujumbe unakugharimu 25. Ukituma 8 kwa mwezi, 200 imekwenda, inabaki 300. Wafugaji 300 ni shilingi 90,000. Mshahara huo? Hapana. Ndiyo maana mlipaji mkubwa mtafute kwenye duka la dawa za mifugo, kwa sababu kila kundi unalolikusanya ni kichupa kimeuzika. Ila kuna jambo moja: usiwauzie wanunuzi wa kuku namba za wafugaji bila ridhaa yao. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, jina lako kijijini likichafuka umekwisha.

Usikimbilie kumlipa fundi wa programu kwa hela ya mbuzi wa mzee. Chukua daftari, andikisha kaya 30 za kitongoji kimoja, tuma ujumbe kwa mkono kwa mizunguko miwili ya chanjo. Ambao watauliza "mbona mwezi huu hujanikumbusha?" hao ndio wateja. Wakiwa watano tu kati ya 30, acha, tafuta shida nyingine.

Mwenye kaya zake tayari anitafute, tupange siku ya chanjo nije na kibebeo cha baridi.