Vitabu vinne na shamba moja la maharagi: nani analipa hasara?



Kila mara wananikuta na kitabu mkononi nikingojea taksi, hakukosi mtu wa promosyo yetu wa kuniuliza: "We si agronomu? Riwaya ya nini sasa?" Anacheka, nami nacheka. Lakini swali lake si la bure. Wengi wetu tulimaliza masomo kwa silabusi tu. Unainunua, unaikariri, unairudisha kwenye karatasi ya mtihani, njo mwisho. Mtu anapata diploma na hajawahi kumaliza hata kitabu kimoja toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu hivyo.

Hii miezi ya karibu nimesoma sana. Leo nataka kuwaeleza vitabu vinne: kimoja cha utafiti na riwaya tatu. Nitasema kile nilichopenda na kile kilichonichosha. Lakini kwanza niwapeleke shambani, juu bila lile shamba singeona kile vitabu hivi vinasema.

Shamba la mama

Nilipotoka masomoni nilipata kazi ya muda kwenye proje moja ya kilimo, upande wa Walungu. Nilikuwa naonyesha wamama namna ya kupanda maharagi ku mustari, kwa kamba, sentimita 40 kati ya mistari, mbegu bora ya aina moja tu. Kulikuwa mama mmoja, wa umri wa mama yangu. Shamba lake lilikuwa na maharagi ya kila rangi, yamechanganywa na mahindi na mihogo, na migomba pembeni. Kichwani mwangu ile ilikuwa fujo tu.

Akaniuliza: "Mutoto wangu, na mvua ikizidi, hii ya rangi moja itafanya je?"

Nilimjibu sawa vile nilifundishwa: mbegu imejaribiwa, usiogope mama. Aliniheshimu, akanipa nusu ya shamba. Mvua ikazidi kweli. Mizizi ikaoza. Upande wangu alivuna karibu bure. Upande wake aina zingine zilikufa, zingine zikakomaa, na watoto wakakula. Miezi michache kisha proje ikafunga. Mimi nilikuwa nimelipwa mshahara wangu wote. Yeye njo alipoteza msimu.

Tangu siku ile, nikifungua kitabu chochote, swali moja linanirudia: mpango ukiharibika, nani analipa hasara?

Kitabu kilichonipiga kofi

Cha kwanza ni cha Mmarekani James C. Scott. Kilitoka 1998 kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa kikatoka 2021 kwa jina *L'Œil de l'État*. Ni kitabu kinene, lakini wazo lake linaeleweka: serikali na wataalamu wanapenda vitu vinavyohesabika kirahisi. Wakikuta kitu kimechanganyika, wanakinyoosha ili wakione vizuri kutoka ofisini. Na wakati wa kunyoosha, mara nyingi wanatupa kile kilichokuwa kinafanya kitu kiishi.

Anaanza na misitu ya Ujerumani. Karne ya 18 na ya 19, wataalamu waliondoa msitu wa miti mchanganyiko, wakapanda aina moja kwa mistari, miti ya umri mmoja. Kizazi cha kwanza cha miti kilitoa mbao nzuri, ju kilikuwa kinakula utajiri ambao msitu wa zamani uliacha kwenye udongo. Kizazi cha pili kikadhoofika. Wakajikuta wanatundika viota vya mbao ili ndege warudi, vitu ambavyo msitu wa zamani ulikuwa unajifanyia wenyewe.

Kisha anafika kwa majirani zetu wa Tanzania. Kati ya 1973 na 1976, kwa mpango wa vijiji vya ujamaa, watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa ili wakae pamoja, kando ya barabara. Nia haikuwa mbaya: maji, shule, dawa. Lakini mkulima anajua udongo wake, anajua kona gani inashika maji. Ukimhamisha, ile elimu yake yote inabaki nyuma. Na hasara ya mavuno inaingia kwenye sahani ya nani? Si ya yule aliyechora ramani.

Niliposoma sura yake ya kilimo, pale anapoeleza kwa nini mashamba ya mchanganyiko si ujinga, nilifunga kitabu. Nilimuona yule mama. Maharagi yake ya rangi nyingi ilikuwa asiransi. Mvua ikizidi, kuna aina inayovumilia. Jua likizidi, kuna nyingine.

Lakini sikubali kila kitu. Scott anarudilia sana, kurasa mia zingetosha kupunguzwa. Tena mtu anaweza kumsoma na kufikiri kwamba mkulima hakosei kamwe. Hiyo si kweli. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kivu, wazee hawakuwa na dawa yake, juu haukuwepo zamani. Ilibidi utafiti useme: kata ua la dume kwa kijiti cha panda, choma panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Elimu ya shule ina kazi yake. Kosa langu halikuwa kuleta mbegu mpya. Kosa langu lilikuwa kuchukua nusu ya shamba la mtu bila kuuliza: hii ikikataa, utakula nini?

Okonkwo na mkopo wa mbegu

Cha pili mnakijua: *Le monde s'effondre* cha Chinua Achebe wa Nigeria, kilichotoka 1958. Shuleni walitufundisha kwamba ni kitabu cha wazungu kufika na mila kuvunjika. Sawa. Lakini kisome tena ukiwa umeshakaa shambani.

Okonkwo, baba yake hakumuachia kitu. Anaenda kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu za kiazi kikuu, anapewa 800. Na mapatano ya namna ile ni makali: mwenye kulima anabaki na theluthi moja tu ya mavuno. Mwaka ule mvua inachelewa, kisha jua linachoma. Mbegu zake mwenyewe, alizotangulia kuzipanda, zinakauka. Anapanda zile za mkopo, mvua inarudi, na sasa inapita kiasi. Mwaka ule kuna mtu anajinyonga.

Zile kurasa chache zinaeleza mkopo wa mbegu na hatari ya hali ya hewa kuliko masomo yangu yote ya uchumi wa kilimo. Zinaonyesha pia jambo lingine: kiazi kikuu ni zao la wanaume, la kujisifia, maharagi na muhogo ni ya wanawake. Okonkwo haoni zao la wanawake kuwa kitu. Mimi na proje yetu tulikuwa mbali naye? Tulikuja na kamba na daftari, hatukumuuliza yule mama kwa nini anachanganya.

Kile sipendi: wanawake wenyewe hawaongei sana. Ekwefi anapata sura nzuri moja mbili, lakini ningependa kusikia hesabu zao za chakula.

Deni la baba linalipwa na mtoto

Cha tatu ni *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1994; Ida Hadjivayanis akakitafsiri kwa Kiswahili, kikatoka 2022. Niwe mkweli: Kiswahili chake ni cha kule pwani, siyo hiki chetu. Kurasa ishirini za kwanza nilikuwa naenda polepole, kamusi pembeni. Kisha sikio likazoea.

Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana deni kwa mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto anamuita mjomba. Siku moja mtoto anapandishwa treni. Anafikiri anaenda kutembea kwa mjomba, kumbe amewekwa rehani. Hakuna anayepiga kelele. Kila mtu ana adabu, na njo inatisha.

Kuna sababu nyingine ya sisi kukisoma: msafara wa Aziz unavuka ziwa Tanganyika na kufika Marungu. Marungu ni kwetu, kule Moba! Huko mtawala Chatu anawanyang'anya mali, ju mfanyabiashara mwingine aliyetangulia alikuwa amemdanganya. Tena mtu analipa hasara aliyoleta mwingine.

Hapa njo nina ugomvi na kitabu. Watu wa upande wetu wa ziwa tunawaona kwa macho ya wafanyabiashara tu: wageni, wakali, wa kuogopwa. Nilitamani Chatu apewe sura yake mwenyewe. Labda hiyo ni kazi ya kijana mmoja wa Kalemie au Moba anayesoma hapa.

Mnara wa simu msituni

Cha nne ni *Congo Inc.* cha In Koli Jean Bofane, cha 2014. Isookanga, kijana Mbilikimo wa Équateur, hataki tena msitu. Mnara wa simu umesimikwa kijijini kwao. Na laptop aliyoiba kwa mtafiti mzungu, anacheza mchezo ambamo makampuni yanapigania madini. Anateremka Kinshasa kutafuta utandawazi, anaishi na watoto wa barabarani, anauza maji ya vifuko pamoja na Mchina mmoja aliyeachwa pale.

Nilicheka sana. Kisha nikaacha kucheka, ju kuna kurasa za mateso ya wanawake ambazo nilifunga kitabu siku mbili. Ninajiuliza kama zote zilihitajika kuandikwa kwa urefu ule. Lakini Isookanga ni sisi. Tumesoma, tunaona kijiji ni aibu, tunaongea maneno makubwa ya mjini. Yeye anacheza mchezo, na udongo unaochimbwa ni wa wazazi wake.

Namna ya kusoma bila pesa nyingi

Najua mtaniambia: vitabu ni bei. Ni kweli. Sisi tuko watano, kila mmoja ananunua au anaazima kimoja, kinazunguka. Anayechelewa kukirudisha analipa chai. Kurasa kumi kila siku, kabla ya kufungua simu. Kitabu cha kurasa 300 kinaisha kwa mwezi. Na ukimaliza, mwelezee mtu ambaye hakukisoma. Ukishindwa, ujue hukuelewa.

Nilirudi kwa yule mama. Sikuwa na proje wala fulana yenye alama. Nilimuomba anionyeshe mbegu zake. Alizimwaga kwenye kitambaa: nyekundu, nyeusi, za madoa, nyeupe. Alinitajia jina la kila moja na kazi yake: hii kwa mvua nyingi, hii inaiva haraka watoto wakiwa na njaa, hii sokoni inaenda bei. Niliandika kurasa mbili nzima. Nilipotaka kuomba msamaha juu ya ule msimu, akaniambia: "Acha. Sasa njo umekuja kusoma."

Msimu unaokuja tutajaribu tena mbegu mpya kwake, mistari minne tu, kwenye kona. Yeye njo amechagua kona.

Na ninyi, kitabu gani kiliwabadilishia macho kwenye kazi yenu? Wa sheria, wa uuguzi, wa ualimu, mtuambie. Kundi letu linatafuta cha tano.