Askari na Kalamu ya Seva
Askari anayekabidhiwa seva kwa mara ya kwanza hukuta kioo cheusi, hakuna picha wala kipanya. Kalamu yake humo ni kihariri, yaani programu ya kuandika na kusahihisha mafaili. Anayeanza na achague nano, iliyoanzishwa mwaka 1999. Katika Debian huwekwa kwa amri hii: sudo apt install nano. Vitufe vyake huorodheshwa chini ya kioo.

Hata hivyo, ajifunze pia vi, iliyotungwa na Bill Joy mwaka 1976, kwani hupatikana karibu katika kila seva ya Unix. Kutoka bila kuhifadhi, hubonyezwa Esc, kisha huandikwa :q! na kubonyezwa Enter.

Juu ya yote, anakili faili kabla ya kuligusa. Herufi moja iliyokosewa katika faili linalotawala mlango wa kuingilia yaweza kumfungia mlinzi nje ya lindo lake.