Si kila kimea kieleacho majini ni gugumaji

MSIMU mmoja wa mvua niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha ukurasa mmoja kilichowalenga wafugaji wa samaki katika eneo la Ziwa Victoria. Kiliandikwa kwa Kiingereza na kilihusu mmea mdogo uitwao 'duckweed': namna ya kuukuza kidimbwini, kuuvuna na kuwalisha tilapia. Nilipekua kamusi nilizokuwa nazo, sikuridhika, na kwa kuwa muda ulikuwa umeniishia nikaandika 'gugumaji'. Kazi ikaenda.

Siku ya mkutano, mzee mmoja alisoma mistari michache tu kisha akakunja karatasi. "Mwalimu, si hii gugumaji ndiyo ilitufungia ziwa? Leo ati tuipande kwa kidimbwi?" Watu wakaangua kicheko. Baadhi waliondoka bila kusikiliza yaliyobaki, na sikuwa na haki ya kuwalaumu.

Maana gugumaji wanalijua. Ni mmea wa Amerika Kusini, wenye maua ya zambarau na majani manene yaliyosimama juu ya maji. Ulivamia Ziwa Victoria yapata mwaka 1990, na kabla ya muongo huo kwisha ulikuwa umeziba sehemu kubwa za Ghuba ya Winam. Mashua zilikwama, nyavu zikanasa, hadi wataalamu wakaleta fukusi wa kuutafuna. Neno lililobeba kumbukumbu kama hiyo haliwezi kupachikwa mmea mwingine hivi hivi.

Mmea wa kijikaratasi changu ni kitu kingine kabisa. Wanasayansi wanatambua takriban spishi 36 za jamii hiyo, wamezigawa katika jenasi tano, na cha kushangaza ni kwamba wanaziweka katika familia moja na nduma, yaani magimbi. Ukiutazama hutaamini. Hauna shina wala jani kwa maana ya kawaida, bali ni kijibapa cha kijani kinachoelea, na kwa baadhi ya spishi huning'iniza kijizizi kimoja au zaidi chini yake. Jenasi ya Wolffia haina hata mzizi. Ndiyo yenye mimea midogo kuliko yote inayotoa maua duniani, mingine haifiki milimita moja. Mswisi Elias Landolt alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akikusanya vimea hivi kutoka pembe mbalimbali za dunia, na jenasi moja, Landoltia, imepewa jina lake.

Kwa nini mtu mzima ashughulike na vijibapa? Sababu ya kwanza ni kasi. Vimea hivi havingojei maua wala mbegu. Kila kijibapa huchipuza kingine ubavuni mwake, na katika hali nzuri idadi inaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili hivi. Hebu piga hesabu: kimoja leo, baada ya siku 20 ni 1,024, baada ya siku 30 ni 32,768, ikiwa nafasi na chakula vipo. Sababu ya pili ni protini. Mmea mbichi karibu wote ni maji, lakini ukikaushwa, protini inaweza kufika theluthi moja ya uzito wake au hata kuzidi, kutegemea maji ulimokulia. Mfugaji anayelalamikia bei ya chakula cha samaki ana haki ya kuyajua haya kwa lugha asiyoitilia shaka.

Pia ana haki ya kujua upande wa pili. Ukiachwa utande kidimbwi kizima, mmea huu huzuia mwanga na hewa, na samaki watataabika. Isitoshe, hufyonza vilivyomo majini, vizuri na vibaya. Husafisha naitrojeni na fosforasi kutoka majitaka, lakini pia hukusanya metali zenye sumu, kwa hiyo uliokuzwa katika maji machafu haufai kutupiwa samaki kabla ya kupimwa. Wepesi wake wa kuathirika umeufanya kipimo cha maabara: mwongozo wa OECD wa mwaka 2006 unaeleza jinsi ya kupima sumu ya kemikali kwa kuhesabu vijibapa vya Lemna kwa muda wa siku saba.

Narudi kwenye lugha, maana ndiko kosa langu liliko. Nilifuata Kiingereza kwa upofu. Mwingereza aliuita gugu la bata, nami nikabaki na gugu. Lakini hata mwani yeye huuita gugu la bahari! Sisi tuna neno letu lisilotusi, na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima mwani na kuuza bila yeyote kuwauliza kwa nini wanapanda magugu. Tuna yungiyungi, mafunjo na matete. Ni hivi vidogo vilivyokosa mwenyewe, vikatupwa kapu moja na gugumaji. Humo kapuni imo pia azola, ambayo wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameitumia kama mbolea kwa karne nyingi kwa kuwa inaishi na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Imo na salvinia iliyolisumbua Ziwa Naivasha. Moja rafiki, moja adui, jina moja.

Wajerumani na Wafaransa huuita mmea wangu dengu za maji. Nchini Thailand, ambako Wolffia huliwa, huitwa khai nam, yaani mayai ya maji. Mimi nimechagua 'dengumaji', neno moja, ngeli ya I-ZI: dengumaji imeota, dengumaji zimeota. Najua ni tafsiri mkopo, na wapo watakaoniambia kwamba sokoni kwetu dengu ni ndengu, na zile za Wajerumani ni kamande. Sawa. Hata ndengu ni ya kijani na ni ndogo, hivyo picha haipotei. Aliye na neno kutoka Lamu, Vanga au Tana River, ambako watu wameishi na mabwawa tangu jadi, anitumie. Nitalitupa langu bila kinyongo.

Nilirejea kwa wafugaji wale na kijikaratasi kipya. Mzee alikisoma hadi mwisho. "Na hii dengu yenu, watu wanaweza kula?" Nikamweleza habari za Thailand, nikaongeza kwamba ile ni Wolffia na hii yake ni Lemna, yake ni ya samaki. Akakunja karatasi kama mara ya kwanza, ila safari hii akaitia mfukoni mwa shati.