Spika Isiungue Arusini

Katika arusi ya Kanazi, wilayani Bukoba, mpiga enanga husimulia kwa sauti ya chini hata wazee wakainama kumsikiliza. Fundi mitambo humwongezea sauti. Ghafla ngoma zinalia, akina mama wanapiga vigelegele mbele ya maikrofoni, na spika iliyonunuliwa kwa fedha za kahawa inaungua.

Kinga yake ni kompresa. Chombo hiki huwekewa kiwango. Sauti ikikivuka, huibana. Kwa uwiano wa 4 kwa 1, kigelegele kilichozidi kiwango kwa desibeli 8 hutoka kikizidi kwa 2 tu. Hapo fundi aweza kuiinua enanga bila hofu. Limita ni nduguye aliye mkali zaidi: uwiano wake kwa kawaida huanzia 10 kwa 1, nayo huwekwa mwisho, kabla ya amplifaya. Si ukali wa bure, maana kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu iingiayo katika spika huwa maradufu.

Lakini ukibana mno, enanga na ngoma hulingana, na ule unong'ono uliowainamisha wazee hupotea. Mbane mwimbaji kidogo. Mishindo mikubwa iachie limita. Tena waombe akina mama wasogee hatua mbili nyuma ya maikrofoni. Hilo halina gharama.