Mbona Fataki za Kitengela Hupasuka Moja Moja?
Buda, Mwaka Mpya Kitengela unaijua: mbogi na kiberiti, moja imepaa, ingine bado inafuka moshi. Shida ni utambi. Hakuna mbili huchomeka spidi moja, hata zikitoka boksi moja.

Wataalamu hawakimbizani na kiberiti. Kila fataki hufungwa waya, wanasimama mbali, umeme ukipita zote zinashika pamoja. Ile kubwa hupanda juu zaidi, so inatangulizwa kidogo ndio zipasuke wakati mmoja. Ukiwa kilomita moja mbali, mlio utakufikia kama sekunde 3 baadaye.

Ingine imegoma? Usiiinamie, vidole hazioti tena. Na utafute kibali kwanza, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, haichezi.