Jeraha dogo la makasi ya bustani lisipuuzwe

Wakazi wengi wa mijini hutumia Jumamosi asubuhi kupogoa maua na ua wa nyumba kwa makasi ya mkono. Kazi hiyo huburudisha, lakini makasi yanayokata kitawi cha waridi kwa urahisi yanaweza pia kukata kidole.

Hatari kubwa ya jeraha kama hilo ni pepopunda. Wengi huamini kwamba ugonjwa huu huletwa na kutu. Hiyo si kweli. Huletwa na bakteria wanaoishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama. Kwa hivyo, makasi mapya yanayong'aa, yakiwa na udongo au samadi, ni hatari sawa na yaliyoshika kutu. Hata mwiba wa waridi waweza kupenyeza bakteria hao mwilini.

Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati kidonda huenda kimepona na kusahaulika. Taya hukaza, mgonjwa hushindwa kumeza, kisha misuli ya shingo na mgongo hukakamaa. Ugonjwa huu huua, hata mgonjwa akiwa hospitalini.

Ukijikata, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikome, kisha ulioshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka. Usipake majivu wala mafuta taa. Nenda kliniki siku hiyo hiyo. Ikiwa jeraha ni chafu na imepita miaka 5 tangu udungwe sindano ya mwisho, utahitaji nyingine.

Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua. Akina mama huchanjwa tena wakiwa wajawazito. Akina baba wengi hawakumbuki walidungwa lini. Mtu mzima ashauriwa kuirudia kila baada ya miaka 10.

Noa makasi yako. Yaliyo butu huhitaji nguvu nyingi, huteleza, na huumiza kifundo cha mkono. Vaa glavu za ngozi, weka mkono unaoshika tawi mbali na makali, na ufunge komeo lake umalizapo kazi.

Kabla hujayashika Jumamosi ijayo, jiulize: nilidungwa sindano ya pepopunda mwaka gani?